Kabla Nyumba Haijavunjwa: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii zimetoka zaidi Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nyumba ya zamani inashushwa, tuokoe nini? Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Wanaouliza bei wasome jibu la pili.

Shikamoo mwalimu. Mtaani kwetu Kariakoo kuna nyumba ya zamani imeuzwa na wiki ijayo inavunjwa. Mkandarasi kasema turuhusiwe kuchukua tunachotaka kabla mashine haijafika. Tuanze na nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Anzeni na simu zenu, kabla ya nyundo. Pigeni picha ya uso wa nyumba kutoka ng'ambo ya barabara, kisha kila upande, kisha kila chumba kuta zote nne na dari. Baada ya hapo pigeni picha ya kila kitu mnachotaka kukitoa kikiwa bado mahali pake, na futikamba imenyooshwa kando yake ili vipimo vionekane. Chukueni karatasi mchore ramani ya nyumba: ukumbi uko wapi, uani uko wapi, mlango gani ulikuwa wapi na ulifungukia upande gani. Kisha mtafuteni mzee wa mtaa, mrekodi sauti yake: nani alijenga, nani aliishi, fundi alikuwa nani. Kazi hiyo yote inamalizika kwa asubuhi moja, na mashine ikiwahi kufika, hicho ndicho kitakachobaki kwa mji.

La pili ni ruhusa. "Mkandarasi kasema" haitoshi. Mara nyingi vifaa vilivyomo ndani ya nyumba ni sehemu ya malipo ya mvunjaji, mara nyingine mwenye nyumba kajiwekea. Waulizeni wote wawili, na waandike. Nimeona vijana wenye nia njema wakipelekwa kituoni kwa sababu ya dirisha.

Ndipo mtoe vitu, mkianza na vile visivyoweza kutengenezwa tena. Kama ni jengo la ghorofa moja au mbili la miaka ya 1930 hadi 1950, tazameni juu kabisa, kwenye ukingo wa paa: mara nyingi pana jina la familia au la nyumba na mwaka, vimefinyangwa kwa lipu. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha jengo na ndicho kitu cha kwanza kugeuka kifusi, kwa sababu hakuna dalali anayekitaka. Fundi mwenye grenda na mirunda imara anaweza kukikata kipande kwa kipande. Asipopatikana, pigeni picha ya karibu na mchukue vipimo vya kila herufi. Baada ya hapo fuateni milango pamoja na fremu zake, vitundu vya hewa vya mbao vilivyokatwa nakshi juu ya milango, grili za madirisha, reli za ngazi, vigae vya sakafu vyenye maua. Bati na nondo waachieni watu wa chuma chakavu.

Na kama ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, yenye vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma, msiseme "hii haina kitu". Hili linanikera zaidi ya yote. Watu wamezoeshwa kuona kwamba urithi ni kile alichojenga sultani au Mjerumani. Kariakoo ndiko TANU ilikozaliwa Julai 1954, na waliokuwa wakikutana, kulala na kubishana usiku kucha walikuwa kwenye nyumba za namna hiyo, kwenye mabaraza hayo. Leo ukizunguka mitaa ile unazihesabu kwa vidole. Baraza halibebeki, ukumbi haubebeki. Chukueni vipimo vyake kwa uangalifu uleule ambao mngeutumia kwa mlango wa nakshi.

Mlango wa zamani wa Zanzibar unauzwa bei gani? (Wasomaji wengi)

Sitaji bei hapa, leo wala siku nyingine. Kila bei inayotajwa hadharani inampa mtu sababu ya kwenda kugonga nyumba ya mjane fulani na kumwambia mlango wake umeoza.

Mimi ni seremala hapa Mombasa. Nimeitwa kutoa mlango wa nakshi kwenye nyumba inayovunjwa, kihalali, na barua ninayo. Fremu imekwama ukutani. Nikate miimo (nguzo za pembeni za fremu) chini kwa msumeno nimalize? (Fundi, Mombasa)

Fundi, usikate. Miimo ya milango hii mara nyingi hushuka chini ya usawa wa sakafu, na huko chini ndiko mchongo unakoanzia. Kwenye milango mingi kuna samaki au chungu kwenye tako la mwimo, na kutoka hapo mmea unatambaa kupanda mpaka kwenye kizingiti cha juu. Nimeona madukani miimo iliyokatwa kwa msumeno wa umeme: samaki amepasuliwa katikati, magamba yanaonekana safi kabisa mpaka kwenye mstari wa meno ya msumeno, halafu basi. Nusu nyingine ilibaki chini ya sakafu ikazikwa na kifusi. Mlango wa namna hiyo hauna dawa tena.

Fanya hivi. Kwanza shikilia uzito. Kizingiti cha juu kilichochongwa kwa kawaida hakikukusudiwa kubeba ukuta. Nyuma yake huwa kuna boriti au mbao nene zinazofanya kazi hiyo. Lakini nyumba ikizeeka, boriti zikaliwa, ukuta hushuka ukakalia mchongo. Kwa hiyo chukulia kwamba umekaliwa. Simamisha mirunda pande zote mbili, na ubao juu yake, ukazwe kwa kabari. Ukiona ufa mpya unafunguka juu ya mlango, toka nje na uwaite wahandisi. Mlango wowote ule hauna thamani ya mtu.

Kisha angalia mbao mbili zinazofunguka. Milango ya asili haina bawaba. Kila ubao una ncha juu na chini zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Kama haunyanyuki ukatoka, usiulazimishe. Funga zote mbili kwa kamba pamoja na mfaa (ubao wa katikati), uziache zitoke siku kizingiti cha juu kitakapoachiliwa.

Chokaa ya zamani ni laini, inatoka kwa tindo ndogo na nyundo ndogo. Ugumu unaoupata wewe bila shaka ni saruji iliyopakwa miaka ya karibuni, kwa sababu siku hizi kila mtu anaziba kila kitu kwa saruji. Toboa matundu madogo madogo kwenye saruji, mbali na mbao, uivunje kwa vipande. Mtaimbo usiguse nakshi. Tumia kabari za mti, ugonge taratibu pande zote kwa zamu. Fremu imeunganishwa kwa ulimi na tundu, na imefungwa kwa vigingi vya mti: tafuta upande mwembamba wa kigingi, ukisukume kutokea hapo. Msumari wa chuma ulioshika kutu usiung'oe, utapasua. Ukate kwa nyuma kwa ubapa wa msumeno wa chuma. Njumu, yaani misumari ya shaba ya mapambo, ziache mahali pake. Anayezing'oa "ili azisafishe" hazirudishi zote.

Andika namba kwa penseli nyuma ya kila kipande, na namba hizohizo kwenye mchoro wako. Vilaze bapa juu ya vipande vya mbao, kivulini, hewa ipite chini. Mbao iliyokaa miaka mia ndani ya ukuta wenye unyevu ukiianika juani saa sita mchana, jioni utaikuta imepasuka.

Ni mpangaji kwenye nyumba ya wakfu, Mji Mkongwe. Nyumba inavuja sana. Naweza kuuza mlango mmoja wa ndani nipate pesa za kuezeka? (Msomaji, Unguja)

Huwezi. Mlango si wako, na aliyeiwekea wakfu nyumba hiyo hakuiwekea ili mlango wake uuzwe. Andika barua ya ukarabati kwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, uambatishe picha za sehemu zinazovuja, nakala uipeleke Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na hapo unaposubiri, panda juu usafishe mifereji ya maji. Majani yaliyoziba mfereji yameangusha nyumba nyingi kuliko tetemeko lolote.

Mbona kila mara unawasema wanaookoa milango? Nyumba itavunjwa tu. Si heri kimoja kipone kuliko vyote vipotee? (Msomaji, Nairobi)

Heri, ndiyo. Sijawahi kusema mlango uachwe uende na kifusi. Ninachokataa ni kuyaita hayo uokoaji wa jengo, maana tukisharidhika na neno hilo tunaacha kupigania jengo lenyewe.

Tazama yaliyotokea Chicago, mji ambao hakuna anayeweza kusema haukuwa na pesa wala wataalamu. Mwaka 1961 walivunja jumba la Garrick, kazi ya wasanifu majengo Adler na Sullivan. Mpiga picha mmoja, Richard Nickel, alikuwa ameandamana barabarani kulitetea. Aliposhindwa aliingia ndani na wenzake akatoa mapambo ya plasta na udongo wa kuchoma, kipande kwa kipande. Miaka kumi baadaye likafuata jengo la Soko la Hisa la Chicago, la mabwana haohao wawili, lililokamilika mwaka 1894. Nickel akapinga tena, akashindwa tena, akaingia tena. Tarehe 13 Aprili 1972 sehemu ya jengo ilimwangukia akiwa peke yake ndani. Mwili wake ulipatikana karibu mwezi mmoja baadaye. Leo ukumbi wa biashara wa jengo lile umejengwa upya ndani ya jumba la makumbusho la Art Institute, na tao la mlango wake limesimamishwa nje, kwenye bustani. Ni vitu vizuri sana. Lakini tao lile halina mtu anayelipita kwenda kazini, na mtaa uliokuwa unalizunguka haupo. Nickel mwenyewe alilijua hilo: alitoa vipande kwa sababu alikuwa ameshindwa kulizuia lile lililostahili kuzuiwa.

Sasa rudi kwetu. Mlango wa Mji Mkongwe au wa Lamu ulichongwa kwa ajili ya mtaa. Unatazama baraza, unamweleza anayepita kwamba ndani kuna mwenye mali, mwenye dini, mwenye heshima zake, na maandishi juu ya kizingiti ni dua kwa kila anayeingia. Uondoe uuweke kwenye ukumbi wa benki, nakshi zimebaki lakini hazisemi na mtu. Na nyumba uliyoitoa mlango inabaki wazi, mvua na wezi wanaingia, na baada ya misimu miwili mwenyewe anasema, "Mnaona? Imeoza, lazima ivunjwe." Nimeshuhudia mpangilio huo ukirudiwa. Mlango hutangulia, kuta hufuata. Kwa hiyo mnunuzi anayelipa bila kuuliza mlango ulitoka wapi ajue kwamba analipia pia kuvunjwa kwa nyumba ya jirani.

Na kuta hizi haziangushwi na uzee. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, zinaweza kusimama karne nyingi zikiwa na paa zima na miguu mikavu. Maji yakiingia juu, ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta, sakafu inalegea, ukuta unavimba. Halafu anakuja fundi anauziba kwa saruji, na saruji hairuhusu ukuta upumue, unyevu unafungwa ndani, chokaa inageuka unga. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, lilianza kuonya mwaka 2012 pembe yake moja ilipoanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 uso wake na mnara vikashuka, watu wawili wakafa. Jengo hilo lilikuwa mbele ya bahari, kila mtu analiona, ndani ya mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kama hilo liliachwa mpaka likafika hapo, fikirieni nyumba ya ndani kabisa Kiponda au Mkunazini yenye warithi ishirini wasiosemezana.

Hivyo, ndugu yangu wa Nairobi, kabla ya kuniuliza namna ya kuokoa mlango, niulize namna ya kuezeka.

Mimi na wenzangu tunataka kuingia usiku kwenye jengo lililozungushiwa mabati, kuna ngazi nzuri ya mbao. Ushauri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Soma tena nilichoandika juu ya Nickel, halafu mlale. Ngazi ndiyo mara nyingi inayoshikilia yaliyobaki.

Nina hoteli ndogo ufukweni. Natafuta milango minne ya zamani niifanye meza za chakula na vichwa vya vitanda. Nitapata wapi kwa uaminifu? (Mwenye hoteli, Diani)

Kwa uaminifu huwezi kuipata, na naomba usiitafute. Kuukata mlango wa babu wa mtu ili watu waweke glasi za maji juu ya maandishi ya Qur'ani ni jambo ambalo hata mgeni wako akielezwa ataona haya. Wachongaji wapo Lamu na Unguja, vijana wenye mikono mizuri, wanangoja kazi. Waagize milango mipya, ya mchongo wa asili, walipe vizuri, uandike kwenye kibao jina la fundi na mwaka. Pesa yako itamweka mchongaji kazini badala ya kumtuma dalali mitaani. Umeandika kwamba mgeni "anataka kitu chenye historia". Historia ya meza hiyo itakuwa kwamba nyumba ya mtu ilivunjwa.

Nitajuaje kama mlango ni wa zamani kweli au umezeeshwa? Nimeuziwa mmoja Mombasa na roho haijatulia. (Msomaji, Tanga)

Roho yako iko sawa. Kuna karakana zinazozeesha mbao kwa kuzifukia udongoni, kuzipiga kwa minyororo, kuzipaka chai nzito au tindikali, na kuzitia misumari yenye kutu. Jicho la haraka linadanganyika, kwa hiyo usianze mbele, mahali palipotengenezwa patazamwe. Geuza nyuma.

Nyuma ya mlango wa zamani pana alama za tezo na randa ya mkono: mabonde madogo, si sawasawa, unene wa ubao unatofautiana ukipapasa kutoka juu hadi chini. Mistari ya duara ya msumeno wa mashine ni dalili mbaya. Skrubu zenye njia ya msalaba kichwani ni dalili mbaya zaidi, ingawa huenda ziliongezwa wakati wa matengenezo. Tafuta uchakavu pale mkono na mnyororo vinapogusa: kuzunguka tumbuu (pete ya kufungia mnyororo), ubao huwa umelika kwa nusu duara pale mnyororo ulipokuwa ukipiga kila ulipofungwa, na kizingiti cha chini huwa kimelika katikati kwa nyayo, si pembeni. Mzeeshaji hupiga kila mahali kwa usawa, na usawa huo ndio unaomfichua. Angalia ncha za kuzungukia kama bado zipo. Angalia tabaka za rangi ndani ya mashimo ya nakshi: kijani, kahawia, buluu, moja juu ya nyingine, na vumbi limegandamana humo. Nusa pia. Chai na moshi vinanuka.

Mbao yenyewe ichunguzwe na seremala mzee. Milango mizuri ilitengenezwa kwa msaji ulioletwa kutoka Bara Hindi, kwa mbambakofi, kwa mfenesi. Ukiambiwa ni wa miaka mia mbili na unaunyanyua kwa mkono mmoja, umejibiwa.

Lakini nataka nikuulize na mimi. Kama ungekuta ni wa kweli, roho ingetulia? Muuzaji alikuonyesha karatasi gani? Mlango wa kweli usio na karatasi ni tatizo kubwa kuliko wa uongo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, na ile ya Kenya ya mwaka 2006 imeweka mpaka kwenye 1946. Kuipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa, na wako ulivushwa mpaka wa Horohoro. Mwulize aliyekuuzia kibali kiko wapi. Asipokuwa nacho, nenda kwa watu wa mambo ya kale wewe mwenyewe kabla hawajakufuata.

Nimepata dirisha la zamani, nimelipaka oili chafu lisiliwe na mchwa. Limekuwa jeusi na linanata. (Msomaji, Bagamoyo)

Nimeliandika jambo hili tena na tena: oili chafu ni ya gari. Inaziba vitundu vya mbao, inashika vumbi, na haitoki. Futa kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo kidogo, nje ya nyumba, mbali na moto, urudie baada ya siku chache; hutaitoa yote. Baadaye mafuta ya kitani, tabaka jembamba, ukaushe kwa kitambaa. Usipige msasa wa mashine juu ya nakshi, unafuta kazi ya patasi. Na rangi ya mafuta ya zamani usiikwangue ikiwa kavu, huenda ina risasi: lowesha kwanza, vaa barakoa, waondoe watoto. Mchwa huzuiwa kwa kuondoa mbao kwenye udongo na kuweka hewa, si kwa kumwaga kitu.

Assalaam alaykum. Sisi tuko Muscat tangu miaka ya sitini. Nyumba ya babu yetu Unguja iko karibu kuanguka na jirani anasema inavunjwa. Mlango wake ni kitu pekee tunachokumbuka. Tunaweza kuuleta huku? (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam warahmatullah. Hili si swali la dalali, na nimelisoma kwa moyo mzito. Wapo wengi kama nyinyi, na undugu wa milango ya Sur, huko Oman, na ya Unguja hauhitaji kuthibitishwa na mtu. Fundi, mbao na majahazi vilikuwa vikienda na kurudi kwa upepo wa kaskazi na wa kusi.

Hata hivyo ushauri wangu ni usiletwe. Kwanza ulizeni nyumba ni ya nani leo kwa karatasi. Nyumba nyingi za walioondoka zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni wakfu, nyingine zimeshauzwa mara kadhaa. Kama haki yenu ipo, iwe kwa maandishi ya mahakama, si kwa maneno ya jirani. Pili, ndani ya eneo la hifadhi hakuna anayeruhusiwa kubadilisha wala kuvunja bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo "inavunjwa" ya jirani huenda ni tamaa ya mtu tu. Waandikieni leo, si kesho, muulize kama kibali kimetolewa. Tatu, pesa ambayo mngelipa kutoa, kufunga, kusafirisha na kushughulikia vibali vya kuusafirisha, itatosha kuweka mirunda na bati la muda juu ya nyumba hiyo, na mlango ukabaki pale.

Ikiwa kweli nyumba haiponi, ombeni mlango uhamishiwe nyumba nyingine ya mtaa huohuo inayokarabatiwa, na kibao chenye jina la babu. Wajukuu watakuja wauguse mahali ambapo yeye aliufungua. Muscat agizeni nakala kwa mchongaji wa Unguja, kwa vipimo na picha za ule wa asili. Najua nakala si kitu kilekile. Lakini mnamwachia na mtoto wa jirani wa zamani kitu cha kukitazama anapokwenda chuoni.

Je, boriti na vigae vya paa vinafaa kuokolewa, au ni takataka? Mkandarasi anazichoma boriti. (Msomaji, Lamu)

Mzuieni. Boriti za mikoko ndizo zilizopima vyumba vyetu: zinafika kama mita tatu hivi, ndiyo maana chumba cha zamani ni chembamba na kirefu. Kwa karne nyingi zilipakiwa majahazini kutoka Lamu na Rufiji kwenda mpaka Ghuba, na ukiingia nyumba kongwe za Oman utazikuta darini. Leo mikoko inalindwa, na mtu anayekarabati nyumba kwa njia sahihi hupata shida kupata boriti nzuri. Zinazooza ni ncha zilizokuwa ndani ya ukuta. Kata ncha hizo, gonga katikati kwa nyundo, ikilia kwa sauti kavu ni nzima. Itakuwa fupi kwa dari ya zamani, lakini inafaa kwa ukumbi mwembamba, kwa daka la mlangoni, kwa kizingiti cha ndani. Ikilia kama kibuyu, imeliwa na dumuzi, isiingie nyumba nyingine.

Vigae vya udongo vya Mangalore, India, vitoeni kwa mkono kuanzia kileleni kushuka, vipangeni vikisimama kwa ubavu. Geuzeni kimoja msome mhuri wa kiwanda nyuma, mara nyingine utakuta jina la Basel Mission, wamisionari waliofungua kiwanda chao Mangalore mwaka 1865. Weka vipande kadhaa vyenye mihuri tofauti kwa makumbusho, vilivyobaki vipeni nyumba inayovuja. Ukikuta vidaka (vishubaka) vya plasta ukutani, vile vyenye mchongo, usivipige patasi. Havitoki vizima. Picha, vipimo, na fundi lipu mzee avitazame kabla havijaondoka, aweze kuvirudia mahali pengine.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Nimepiga picha na kuchora nyumba kadhaa zilizovunjwa. Zimekaa kwenye simu yangu. Nizipeleke wapi? (Mwanafunzi, Mombasa)

Swali zuri kuliko yote ya safari hii. Kwa Mombasa nenda Fort Jesus, kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayoshughulikia hifadhi ya Mji wa Kale. Wa Lamu aende Makumbusho ya Lamu, wa Unguja kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, wa Tanga kwa Urithi Tanga kwenye boma la zamani, wa Dar es Salaam kwenye kituo cha urithi wa usanifu kilichopo Boma la Kale, lililojengwa enzi ya Sultani Majid. Usipeleke picha tupu. Kila nyumba iwe na karatasi yake: mtaa, namba ya kiwanja kama unaijua, tarehe uliyopiga, tarehe iliyovunjwa, vipimo, nani alikueleza nini, na kila kilichotolewa kimekwenda wapi. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo litakalomwezesha mtu miaka hamsini ijayo kuuona mlango ukumbini mwa hoteli na kujua ni wa nyumba gani. Chapa karatasi, usitegemee simu. Nakala moja mpe mwenye nyumba, hata kama ndiye aliyeivunja. Mtoto wake ataitaka.